Jina Lililozikwa na Namba Iliyotundikwa

Katika nyanda za juu za Ngorongoro, karibu na mlima Olmoti ambako Mto Munge huanzia kabla ya kuteremka ndani ya kreta, kiko kijiji cha Nainokanoka, makazi ya Wamaasai wafugaji, watu ambao wazee wao walirithishana kaida moja juu ya majina ya wafu. Na kaida hiyo, kwa rai yangu, ina neno zito la kuwaambia mashabiki wa mpira wa kikapu wanaohojiana kila mara kama ni haki klabu kuiondoa daima namba ya nyota ambaye jeraha lilimkatiza kabla hajafika alikokuwa akienda.

Mwingereza Alfred Claud Hollis, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni upande wa kaskazini wa mpaka, katika Kenya ya leo, alitoa huko Oxford mwaka 1905 kitabu juu ya lugha na mapokeo ya Wamaasai, na humo akaeleza kwamba anapofariki mtoto, au morani, au mwanamke, jina lake huzikwa, yaani jamaa zake hawalitamki tena kabisa, na hata ikiwa kuna kitu au sifa inayoitwa kwa jina lile, watu wa boma hutafuta neno jingine la kuitajia. Mzee aliyeacha watoto hali yake ni mbali, kwani jina lake halizikwi, bali dhuria zake huitwa kwalo. Sisemi kwamba kaida hiyo iliwekwa kwa ajili ya taadhima peke yake, maana ndani yake mna majonzi na hofu ya mauti. Lakini dhahiri ni kwamba wazee wale walipambanua baina ya aliyetimiza umri wake, ambaye jina lake ni amana ya watakaofuata, na yule aliyekatwa njiani, ambaye mahali pake pakaachwa wazi.

Basi na tuitazame tarehe ya namba zinazotundikwa juu ya uwanja zisivaliwe tena. Desturi hii haikuzaliwa katika kikapu, wala haikuanza kwa shujaa aliyecheza mpaka akazeeka. Mwezi wa Desemba 1933, katika mchezo wa magongo ya barafuni mjini Boston, Ace Bailey wa Toronto Maple Leafs aliangushwa kutoka nyuma na Eddie Shore wa timu pinzani, kichwa chake kikagonga barafu, fuvu likapasuka, na kwa siku nyingi ikadhaniwa kwamba hataishi. Aliishi, ila hakucheza tena. Tarehe 14 Februari 1934 ukachezwa mjini Toronto mchezo wa kumchangia fedha, naye akampa Shore mkono mbele ya umati, na klabu yake ikatangaza kwamba namba 6 haitavaliwa tena. Hiyo yahesabiwa kuwa namba ya kwanza kustaafishwa katika ligi kubwa za Amerika ya Kaskazini, na sababu yake ilikuwa jeraha.

Katika kikapu, mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Maurice Stokes wa Royals, klabu iliyohamia Cincinnati kutoka Rochester na ambayo leo ni Sacramento Kings. Alicheza misimu 3 tu, na katika kila mmoja alichaguliwa miongoni mwa nyota wa ligi. Mwezi wa Machi 1958 alianguka akapiga kichwa sakafuni, akazinduliwa, akarudi mchezoni. Siku 3 baadaye akapatwa na degedege, akapooza mwili. Mchezaji mwenziwe, Jack Twyman, alijitwika dhamana ya kisheria ya kumtunza, akamwandalia michezo ya kuchangisha gharama za matibabu, hata Stokes alipofariki mwaka 1970. Namba 12 yake imetundikwa. Kadhalika Houston Rockets waliitundika namba 11 ya Yao Ming mwaka 2017, mtu ambaye mifupa ya mguu ilimlazimisha kuacha mchezo mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 30.

Wapinzani husema kwamba heshima hiyo ni ya waliodumu wakaleta mataji, na kwamba namba nazo zina kikomo, ilhali Boston Celtics peke yao wamekwisha kutundika zaidi ya 20. Hoja ya uhaba naikubali, lakini naona inawaelekea wale waliodumu. Kwa Wamaasai hao hao, rika la Nyangusi, lililokuwa la vijana katikati ya karne ya 20, lilichukua jina la rika jingine la karne ya 19 ambalo lilikuwa limekwisha kumaliza zamu yake, na hakuna aliyeona kuwa wakubwa wamevunjiwa heshima. Vivyo hivyo mchezaji aliyeshiba miaka na mataji anaweza kurithiwa namba yake bila kupungukiwa.

Kwetu Tanzania jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa fakhari yetu kubwa imekuwa riadha, na namba ya mkimbiaji hubadilika kila mashindano. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, aliikosa Olimpiki ya 1976 kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika. Hakuna fulana ambayo mtu angeitundika ili vijana wa Karatu waulize kisa chake.

Lakini mchezaji aliyejeruhiwa si maiti, na hapo ndipo kaida ya boma na ya uwanja zinapoachana: jina la morani aliyekufa huzikwa na wenziwe, ilhali mwenye namba yungali hai, ana kauli. Kwa hiyo nasema namba ya aliyekatizwa iondolewe, na hiari ya kuirudisha iwe mkononi mwake mwenyewe. Bailey alifanya hivyo hasa: mwaka 1968, kwa kupendezwa na uchezaji wa kijana Ron Ellis, aliwaomba Maple Leafs wampe namba 6, nao wakampa, na Ellis alipostaafu, ikatundikwa tena.