Taa ya chujio la masizi ikiwaka, pima kabla ya kukata

MAGARI ya dizeli yaliyokwisha kutumika Japani na Uingereza ni mengi katika barabara za Nairobi na Dar es Salaam, na yale ya miaka ya karibuni yana kifaa ambacho magari ya zamani hayakuwa nacho. Kifaa hicho ni chujio la masizi, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi DPF. Taa yake inapowaka katika dashibodi na gari likapoteza nguvu, wenye magari wengi hushauriwa walikate chujio hilo na kulitupa. Ushauri huo huondoa dalili na kuuacha ugonjwa.

Chujio hilo lilianza kupata umaarufu katika magari madogo mwaka 2000, kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilipolifunga katika gari lake la 607. Ndani yake mna kauri yenye matundu mengi mithili ya sega la nyuki. Tundu moja limezibwa upande wa kuingilia moshi, na jirani yake limezibwa upande wa kutokea. Hivyo moshi hulazimika kupenya kuta za kauri, na masizi hubaki nyuma.

Masizi yakifikia kiasi fulani, kompyuta ya gari huongeza dizeli kidogo ili joto la chujio lifike nyuzijoto 600 hivi, nayo huungua. Kazi hiyo kwa kawaida huhitaji mwendo wa dakika 10 hadi 20 usiokatizwa. Gari linaloshinda katika foleni, au linalozimwa kila baada ya kilomita chache, halipati nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo, fundi mwangalifu huanza kwa kumwuliza mwenye gari habari za safari zake za kila siku.

Baada ya maswali hayo, kompyuta ya kupimia ndiyo hufuata. Msimbo P2463 unaeleza kwamba masizi yamezidi. P2452 na P2453 inaelekeza kwenye sensa ya shinikizo au nyaya zake. P2002 inaeleza kwamba chujio halichuji ipasavyo, na huenda kauri imepasuka. Hata hivyo, msimbo si hukumu. Huonyesha tu mahali pa kuanzia uchunguzi.

Sensa hiyo hulinganisha shinikizo la moshi kabla na baada ya chujio, kwa kutumia mipira miwili myembamba. Swichi ikifunguliwa kabla ya kuwasha injini, inapaswa kusoma sifuri au karibu na hapo. Isipokuwa hivyo, ishukiwe sensa yenyewe. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, chujio safi katika magari mengi husoma chini ya kilopaskali 1. Kipimo kikipanda mno mafuta yanapokanyagwa, chujio limeziba. Kisipopanda hata kidogo, ikaguliwe mipira, kwani huenda imepasuka au kuziba; la sivyo, kauri imevunjika au imekwisha kuondolewa. Jambo hili la mwisho laweza kuthibitishwa kwa kitambaa cheupe: injini ikiwa imepoa, futa ndani ya ncha ya bomba la moshi. Kitambaa kikitoka na masizi meusi mazito, chujio halifanyi kazi.

Iwapo chujio limeziba kweli, swali linalofuata ni hili: masizi mengi hivyo yanatoka wapi? Wahusika wakuu ni nozeli zinazovuja, turbo inayopitisha oili, mipira ya hewa iliyotoboka na vali ya EGR iliyokwama. Thamostati iliyobaki wazi nayo huizuia injini kupata joto, na kompyuta ikakataa kuanza uchomaji. Kulisafisha chujio bila kutibu chanzo ni kuchota maji kwa pakacha.

Kipimo cha oili nacho kisisahauliwe. Oili inayoongezeka badala ya kupungua ni hatari, maana uchomaji unaokatizwa mara kwa mara huweza kuiingiza dizeli ndani yake. Oili ikiwa nyepesi hailindi vyuma, na injini yaweza kufa. Ibadilishwe kabla fundi hajaamuru uchomaji kwa kompyuta, na kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi, mbali na nyasi kavu. Chujio lililojaa kupita kiwango cha mtengenezaji lisichomwe kwa nguvu, kwani kauri yaweza kupasuka.

Yako pia majivu ya oili, ambayo hayaungui kamwe. Yakijaa, chujio hufunguliwa likasafishwe kwa mashine, au hubadilishwa. Oili yenye majivu machache, iliyotajwa katika kitabu cha gari, huichelewesha siku hiyo.

Gharama ya kutafuta chanzo humwuma mwenye gari, lakini kukata chujio huwaumiza na wengine. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Nchini Uingereza, tangu Februari 2014, gari ambalo chujio lake limeondolewa hufeli ukaguzi wa kila mwaka. Mchuuzi wa kando ya barabara na mtoto anayesubiri basi la shule hawana taa ya kuwaonya.