Datsun, matope ya Pasaka na debe la msaada

Mashindano ya Safari yalibuniwa kwanza yawe ya kulizunguka Ziwa Victoria. Eric Cecil wa Nairobi, aliyekuwa kiongozi kwenye chama cha magari cha Afrika Mashariki, alikuwa na binamu yake aitwaye Neil Vincent, dereva mzuri aliyechoshwa na mbio za Langalanga, kule karibu na Gilgil, ambako gari linazunguka njia ile ile mpaka kizunguzungu. Vincent alitaka kitu kingine: watu wafunge milango ya magari yao, wakate nusu ya Afrika, warudi, na wa kwanza kufika awe ndiye mshindi. Ziwa likaonekana linafaa. Lakini msimu ulikuwa wa mvua, na mtu anayeujua udongo mweusi wa Usukuma ukilowa hahitaji kuelezwa kwa nini wazo lile liliachwa. Tarehe 27 Mei 1953 magari yakaondoka Nairobi, Kampala na Morogoro, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na wazo la kuzunguka ziwa likabaki kwenye mazungumzo.

Naanzia huku kwa sababu vijana wengi ninaokutana nao kwenye gereji za Nyakato na Mabatini wanaamini kuchezea gari la Kijapani ni jambo lililokuja juzi na video za intaneti. Wanaangalia Wajapani wakiteleza kwenye milima yao, halafu wanakuja kukata springi za Altezza ili ilale chini. Kesho yake unawaona wanapita tuta la barabarani kwa mshazari, polepole kama wamebeba mayai. Sisemi vibaya, kila mtu na starehe yake. Ila kanda hii ina historia yake ya kulifungua gari la Kijapani na kulifunga upya kwa ajili ya mbio, na historia hiyo inakwenda kinyume kabisa na springi zilizokatwa. Nimekuwa nikiisoma mchana na kuigusa jioni, maana nyumbani nina Datsun 1600SSS ambayo naifufua kwa mwaka wa tatu sasa.

Datsun waliingia Safari mara ya kwanza mwaka 1963, na Bluebird. Hakuna aliyewaona kama tishio. Wakubwa wa wakati ule walikuwa Ford, Mercedes, Peugeot, Volkswagen. Wajapani hawakuja kutafuta kombe peke yake. Walitaka barabara ambayo ingewaonyesha gari lao linavunjikia wapi, na hakuna kiwanda kingeweza kujenga barabara kama zetu za mwezi wa nne. Safari ilikuwa ikifanyika Pasaka, wakati wa masika. Vumbi saa sita mchana, tope saa tisa, mto umekata barabara saa kumi na mbili. Kule kwao mbio hizi zikapata umaarufu kiasi cha kutengenezewa filamu mwaka 1969, akiigiza Ishihara Yujiro, nyota mkubwa kabisa wa sinema ya Japani.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na 1600SSS. Mwaka uliofuata wawili hao hao wakashinda tena, safari hii na Datsun 240Z, lile gari la pua ndefu ambalo hadi leo watu wazima wakilitaja sauti zao hubadilika. Hapa kuna jambo moja la kiufundi ambalo naona raha kulisema. Injini ya 1600SSS, yaani L16, ina silinda nne zenye upana wa milimita 83, na pistoni inapanda na kushuka milimita 73.7. Injini ya 240Z, yaani L24, ina vipimo hivyo hivyo, ila silinda ni sita. Piga hesabu: sentimita za ujazo 1,595 gawanya kwa nne, zidisha kwa sita, unapata kama 2,393. Ndiyo hiyo hiyo L24. Kwa hiyo mtu mwenye 1600SSS iliyokufa uani kwake Mwanza ana theluthi mbili za injini ya gari lililoshinda Safari ya 1971.

Mwaka 1973, wakati Safari ilipoingizwa kwenye ubingwa mpya wa dunia, 240Z ikashinda tena, ikiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mehta alizaliwa Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili, kwenye familia ya wenye sukari, na mwaka mmoja tu kabla ya ushindi huo ndipo Idi Amin alipowafukuza Waasia. Akahamia Kenya. Alimaliza mashindano akiwa sawa kwa adhabu na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, na akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote na Datsun. Hivyo akafikisha mara tano.

Lakini ninayemheshimu zaidi ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeitwa Simba wa Kenya. Alianza kama fundi, siyo kama tajiri. Volvo aliyoshinda nayo mwaka 1965, akiwa na mdogo wake Jaswant, ilikuwa mtumba. Gari la kiwanda lililokwisha kutumika kwenye Safari iliyotangulia, likabaki huku, wao wakalifungua na kulifunga wenyewe. Na mwaka 1974 alikuja na Mitsubishi Lancer ndogo ya sentimita 1,600 akaiacha nyuma Porsche 911 ya Björn Waldegård. Ukisikia mtu anasema mafundi wetu ni wa kubadilisha oili tu, mtajie Volvo ya 1965.

Sasa, kulitengeneza gari kwa Safari maana yake nini? Bodi inachomelewa upya kwenye maungio, kwa sababu tope na mashimo yanaufungua mshono wa kiwandani kama shati la zamani. Springi zinapandishwa. Chini ya injini unafungwa ubao wa chuma. Tangi la mafuta linaongezwa. Taa za ziada, kinga ya mabomba mbele kwa ajili ya ng'ombe na wanyama wa porini, na mengine hata yakawekewa vikanyagio nyuma ili msoma ramani asimame juu ya buti, uzito uyaelemee magurudumu ya nyuma yashike. Yote hayo yanaongeza uzito. Gari la mbio za lami linapunguziwa uzito na kushushwa, la kwetu lilipandishwa na kunenepeshwa. Ni shule mbili tofauti, na ya kwetu haijafa kwa sababu ya uzee. Ilikatizwa.

Ilikatizwaje, nadhani gari langu linaeleza vizuri kuliko kitabu. Mjomba wangu aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hela yake ilitokana na pamba. Mwanza ya wakati ule ilikuwa mji wa pamba. Ushirika uliojengwa na akina Paul Bomani ulikuwa na vinu vyake, na karani wa ushirika aliyejibana aliweza kuota gari. Halafu mambo yakafuatana. Ushirika ukavunjwa 1976. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Amin akavamia Kagera 1978, tukapigana, tukashinda, hazina ikabaki tupu. Petroli ikawa ya mgao, na Jumapili kuanzia saa nane mchana gari la binafsi lilipigwa marufuku barabarani. Safari yenyewe ilikuwa imekwisha jifungia Kenya. Spea ya Datsun ikawa kitu cha kupiga magoti. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, kuna wenye maduka walioogopa hata spea halali, na inasimuliwa hapa mjini kwamba zipo zilizotupwa ziwani usiku.

Basi nilipoishusha ile injini nikaanza kuikuta miaka ile, tabaka kwa tabaka. Bushi za mbele zilichongwa kutoka kwenye mpira wa tairi la lori. Gasketi ya kifuniko cha vali ilikuwa boksi gumu lililopakwa grisi. Pistoni tatu zilifanana, ya nne ilikuwa ya gari lingine kabisa, kichwa chake kimepunguzwa kwa tupa ili isigonge vali. Kwa tupa! Nilipoipima kwa mizani ilipishana na wenzake kwa gramu chache tu. Fundi aliyefanya kazi ile hajulikani tena, na mimi nimeifunga pistoni yake kwenye kitambaa, iko kabatini. Gari lenye mishono ya kiwandani ingekuwa rahisi kulipenda, ila hili lina mikono ya watu waliofanya kazi bila kitu.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa amezitoa wapi, na pikapu za Kijapani zikaanza kumiminika. Muongo uliofuata sangara wakajenga viwanda vya minofu Mwanza, hela ikarudi mjini, na meli za mitumba zikaleta Mark II, Celica, Subaru. Haya mnayajua. Niongeze moja tu kwa wenye Altezza ya injini ya 3S: injini yenu ni ya ukoo mmoja na ile ya Celica iliyoshinda Safari mwaka 1990, kisha 1992 mpaka 1995, ikiwemo ile ya 1994 aliyoendesha Ian Duncan, Mkenya. Zenye turbo zilikuwa za kwao, za kwenu hazina, lakini damu ni moja. Na bado mnakata springi.

Langu nalifunga kwa matumizi ya mbio, siyo kwa maonyesho. Mwanza hatuna njia ya mbio, lakini Waganda wanayo Busiika na Garuga, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko: unakwenda Sengerema, Geita, Biharamulo, Bukoba, Mutukula, mpaka Kampala kwa magurudumu yako. Kwa hiyo nimelazimika kuchagua kati ya shule mbili. Nimeishusha kidogo sana, vidole viwili, kwa sababu mikono ya nyuma ya 1600SSS imefungwa mshazari. Ukiishusha mno magurudumu yanalalia ndani na tairi inakwisha upande mmoja. Mshono wa bodi nimeuchomelea upya kama walivyofanya wa Safari. Kabureta mbili nimeziachia, nikabadilisha sindano tu, maana hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hewa ni pungufu karibu sehemu moja ya kumi. Ukiweka kipimo cha pwani gari linakunywa petroli na kutema moshi mweusi. Breki za disiki mbele, ngoma nyuma, hozi zote mpya. Kwenye breki sina mapenzi na historia.

Ugomvi mkubwa umekuwa kwenye sakafu. Chini ya kiti cha dereva, tulipobandua lami na puti, tulikuta kiraka cha bati jembamba. Kilikuwa debe la mafuta ya kula ya msaada wa Wamarekani, limekatwa na kunyooshwa, na maandishi yake ya Kiingereza bado yanasomeka: mali hii haiuzwi wala kubadilishwa. Mjomba aliendesha miaka mingi amekalia chakula cha msaada. Nilimwambia mzee anayenisaidia kuchomelea kwamba kiraka hiki kibaki, tukipake rangi ya kupitisha mwanga, watu wakione.

Mzee aliweka chini kioo chake cha kuchomelea. "Mwanangu, fremu ya mabomba utaishikiza wapi? Kwenye debe?"

Nikasema tunaweza kuweka bamba jipya chini yake, debe likabaki juu. Akanijibu kwamba bati mbili zikikaa pamoja maji yanaingia katikati, na kutu ya hapa ziwani haingoji. Isitoshe, akasema, mwenye kukipiga kile kiraka alikuwa yeye na wenzake pale Mkuyuni, na hawakukipiga ili kitazamwe. Walikipiga kwa sababu bati halikuwepo, na lingekuwepo wangeweka bati. Hilo sikuwa na la kulijibu, ingawa bado sikubaliani naye wote. Kiraka kilikuwa cha kushindwa kupata bati, sawa, lakini kimeshika miaka arobaini, na magari mengi ya rika lake, yenye sakafu za kiwandani, yamekwisha pelekwa kwenye chuma chakavu kwa kilo.

Tumelikata Jumamosi iliyopita. Mzee alitumia patasi badala ya mashine, taratibu, akifuata mstari wake wa zamani, ili maandishi yasikatike. Mahali pake pamewekwa bamba la milimita mbili, na mguu wa kwanza wa fremu umeshikizwa juu yake kwa boliti nne. Wiki ijayo tunaanza mlango wa kushoto, ambao puti yake ni nene kuliko bati lenyewe.