Sajini Meja Asiye na Jina

Mei 19, 1941, kando ya mto Billate huko Colito, kusini mwa Ethiopia, Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, hakuwa tena na kazi ya kufanya kwa mortar yake. Kombania mbili za kikosi chake zilikuwa zimeshavuka mto pale vifaru vya Waitalia vilipojitokeza ghafla. Kimoja kilikuja kwa nyuma. Leakey alikirukia, akafungua kifuniko kwa nguvu, akampiga risasi kamanda na wenzake kwa bastola. Dereva alimwacha hai, akamlazimisha aendeshe hadi mafichoni. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho ukagoma kufyatuka, naye akashuka na kuvifuata vingine kwa miguu, huku rashasha zikifyeka uwanja mzima.

Vifaru viwili vilimpita. Alipanda cha tatu, akamuua mmoja wa waliokuwamo, kisha cha nne kikamwangusha kwa risasi.

Mwaka 1945 Uingereza ilimtunukia Msalaba wa Victoria, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Mzaliwa huyu wa Kenya, binamu wa mtafiti Louis Leakey, hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa Nairobi, kwenye kumbukumbu ya wanajeshi wasio na makaburi.

Lakini hati ya nishani hiyo inasema hakuvifuata vifaru peke yake. Alikuwa na sajini meja wa kombania, Mwafrika, na askari wengine wawili. Hao watatu walikatiza uwanja uleule chini ya risasi zilezile, na hati haiwataji majina. Bataliani yenyewe, 1/6 KAR, ilikuwa ya Tanganyika. Huyo sajini meja alikuwa na cheo, nambari ya jeshi na mshahara. Karani yeyote wa kikosi angelipata jina lake kwa dakika tano.

Askari wa KAR walikuwa na nishani yao ya kando, Distinguished Conduct Medal (DCM) iliyoandikwa jina la jeshi lao, iliyotengwa na ile ya Waingereza hadi mwaka 1942. Msalaba wa Victoria haukumfikia Mwafrika hata mmoja wa KAR.

Nchini Kenya, nyanda za Eldoret, mji ambao wazee bado wanauita Sisibo, zilitoa vijana wengi wa jeshi hilo. Waingereza waliwahesabu Wakalenjin na Wakamba kuwa watu wa vita, ingawa kufikia vita vya Colito haikuwa imepita miaka 40 tangu afisa wa KAR, Richard Meinertzhagen, amuue Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, ambao ni Wakalenjin, katika mkutano ulioitwa wa amani, Oktoba 1905. Kizazi kilichofuata kikavaa sare ileile.

Uhuru ulipokuja, bataliani za KAR zilizokuwa Kenya zikawa Kenya Rifles. Bataliani ya tisa, 9KR, ina makao yake Moi Barracks, Eldoret, ambako makurutu wa jeshi la Kenya (KDF) pia hufunzwa. Ni wanajeshi wake waliokuwa kambini El Adde, jimbo la Gedo nchini Somalia, alfajiri ya Januari 15, 2016, wakati gari lililosheheni mabomu lilipolipuka na Al-Shabaab wakavamia.

Ushujaa hupata nishani ukiwa na shahidi aliye hai na mkubwa wa kuuandika. Colito ilikuwa nao, japo kwa mmoja kati ya wanne. El Adde kambi nzima ilielemewa. Waliopigana hadi risasi ya mwisho, wengi wao hawakurudi kueleza nani alimkinga nani.

Januari 27 mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta aliongoza ibada ya kumbukumbu Moi Barracks, akiwa na Muhammadu Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Hotuba zilisifu mashujaa. Idadi yao haikutajwa. Mwezi uliofuata Hassan Sheikh alisema kwenye televisheni kwamba waliouawa walikuwa kati ya 180 na 200, Kenya ikakanusha. CNN ilipochunguza ilitaja wasiopungua 141, na jeshi likakataa hesabu hiyo pia bila kutoa yake. Kamati ya Kenya inayopendekeza watu wa kutunukiwa chini ya sheria ya nishani ya mwaka 2013 haiwezi kuanza kazi bila orodha ya majina.