Baroni Empain na ardhi yetu ya Masisi

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli. Lakini sisi tunaofundisha historia tuko na swali lingine: kile kilichotolewa, kilitoka wapi?

Huku kwetu, ukigusa habari ya konsesio, watu wanaanza na wakati wa Mobutu. Turudi nyuma kidogo. Édouard Empain alizaliwa Ubelgiji mwaka 1852. Hakuzaliwa tajiri, baba yake alikuwa mwalimu. Yeye akatajirika kwa tramu na treni. Metro ya Paris, iliyofunguliwa 1900, ilikuwa kazi ya kampani yake. Mwaka 1907 mfalme Leopold II akamupa cheo cha baroni.

Kongo, kampani yake iliitwa CFL, yaani reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa 1902. Ilijenga njia ya Kisangani–Ubundu, ya Kindu–Kongolo, na ile ya Kabalo mpaka Kalemie, iliyofika ziwani mwaka 1915. Malipo yake ni nini? Iliahidiwa hekta milioni 4 za ardhi. Wenye kuishi juu ya ardhi hiyo hawakuulizwa. Mzungu aliona pori, akaandika «ardhi tupu». Kumbe lilikuwa shamba lililopumzishwa, malisho, mahali pa kuwinda na pa kuzika.

Mwaka 1928 serikali ya koloni na CFL wakaunda Comité National du Kivu, CNKi. Hii ndiyo iliyogawia walowezi mashamba ya kahawa na mengine, hata kwenye milima ya Bahunde.

Baroni akafa 1929, akaachia watoto wake Jean na Louis. Louis alikuwa mtu wa huruma: alianzisha Pro Juventute juu ya vijana, na mwaka 1937 akatoa nyumba yake nzuri ya Brussels kwa serikali ya Ubelgiji, iwe nyumba ya sanaa. Mwaka ule ule wa 1937, wakubwa wa koloni walianza kuleta familia kutoka Rwanda na kuwapa makao Gishari, humu humu Masisi, maana mashamba makubwa yalitaka mikono ya kazi. Aliyetoa nyumba Brussels alitoa kilicho chake. Waliotoa Gishari walitoa cha wengine, na waliopewa hawakuwa wameandika karatasi ile.

Sisemi haya ili kushitaki wafu. Ninayasema juu ya watoto wetu, ambao wameona vita na kambi za wakimbizi hapa Kitshanga. Mbele ya kumunyoshea jirani kidole kwenye mupaka wa shamba, wajue kalamu ya kwanza ilishikwa na nani. Na sisi, tuwaulize wazee mipaka ya zamani wakingali hai, tuiandike. Karatasi ndiyo ilitushinda. Tujifunze nasi kuandika.