Kiti cha Nje: Historia Fupi ya Baraza Zetu

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka 10, ni desturi kuhesabu magunia, maghala na fedha zilizolipwa wakulima. Hesabu hizo zimewekwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Katika ukurasa huu tumeona yafaa tueleze habari ya kitu ambacho kila mwanachama wa Ndama, na wa Karagwe na Kyerwa kwa jumla, anacho mbele ya mlango wake, nacho ni mahali pa kukaa nje. Historia yake ni historia ya nani aliruhusiwa kukaa, alikaa juu ya nini, na alisikilizwa na nani. Kwa hiyo yahusu ushirika moja kwa moja.

Hapo kale nyumba ya wazee wetu ilikuwa msonge wa nyasi uliozungukwa na migomba ya kibanja. Ndani mlikuwa na giza na moshi wa jiko, na sakafu ilitandazwa nyasi. Mchana watu walikaa katika uwanja wa mbele. Mzee alikalia kigoda kilichochongwa kwa gogo moja; akina mama na watoto walikaa juu ya mkeka. Mgeni alipofika alipewa nafasi, kisha akapewa kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizochemshwa na kukaushwa. Hivyo kahawa ilikuwa heshima ya barazani kabla haijawa zao la kuuzwa.

Kukaa chini hakukuwa aibu kila mara. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe pamoja na James Grant, akamkuta Omukama Rumanyika amekaa chini, amekunja miguu, pamoja na ndugu yake Nnanaji. Lakini Speke alipofika Buganda mwaka wa 1862 mambo yalikuwa mengine. Kukalia kiti mbele ya Kabaka Mutesa kulikuwa jambo la kubishaniwa, kwa kuwa raia walikaa chini. Tangu zamani, basi, watu wa nchi hizi walijua kwamba urefu wa kiti waweza kuwa kipimo cha madaraka.

Wakati huohuo palikuwa na wafanyabiashara wa pwani waliokaa Kafuro, katika nchi ya Karagwe, ambao njia yao ya pembe za ndovu ilipita Unyanyembe. Huko kwao Unguja na Lamu nyumba za mawe zilijengewa viti vya mawe na chokaa mbele ya mlango. Hapo mwenye nyumba alipokea wageni, akazungumza biashara na kusikia habari, bila kuwaingiza ndani kwa watu wake. Mahali hapo paliitwa baraza. Neno hilo moja likawa jina la kiti na jina la mkutano pia, na hata leo twasema Baraza la Mawaziri. Kiswahili kilipoenea bara, neno hilo lilienea pamoja nacho.

Baada ya Wajerumani kuweka kituo Bukoba mwaka wa 1890, na wamisionari kujenga kwa matofali, watu waliona nyumba za pembe nne zenye paa lililotokeza mbele na kushikwa kwa nguzo. Polepole mabati yakashika nafasi ya nyasi. Chini ya paa hilo pakapatikana kivuli na hifadhi ya mvua. Seremala akaleta benchi, na wenye uwezo wakaleta kiti cha uvivu chenye turubai. Katika nchi yetu ya milima, ambako asubuhi na jioni zina baridi, baraza lilikuwa pia mahali pa kuota jua.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ni kulinda kahawa. Robusta yetu hukaushwa pamoja na maganda yake mbele ya nyumba, juu ya mikeka, maturubai au vichanja. Anayekaa barazani huiona mbuzi ikikaribia na wingu likipanda. Mara nyingi mlinzi huyo ni mama wa nyumba, ambaye huigeuza kahawa mchana na kuikusanya jioni.

Ushirika ulipoota mizizi, sheria yake ya Tanganyika ilikuwa ya mwaka wa 1932, na mwaka wa 1950 Bukoba ikapata chama kikuu chake cha wenyeji. Mwaka wa 1976 serikali ilivunja vyama vikuu, na sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Katika miaka hiyo ofisi zilifungwa, lakini baraza za nyumba hazikufungwa. Jirani aliendelea kumwuliza jirani bei ya kahawa na hali ya mvua.

Siku hizi benchi limepata mshindani. Mwaka wa 1972 Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti cha plastiki kilichomiminwa kwa kipande kimoja, na vya namna hiyo vimejaa duniani, hata katika harusi na misiba yetu. Sifa yake moja twaikubali: vyote vina urefu mmoja.

Hata hivyo, katika mikutano mingi bado twaona wanaume wakikaa vitini mbele na akina mama wakikaa mkekani nyuma. Mwenye jina kwenye daftari ndiye mwenye kura, na mara nyingi jina hilo si la yule aliyeigeuza kahawa. Tena nyumba nyingi mpya zina ukuta na geti, na mazungumzo yamehamia sebuleni mbele ya televisheni. Bei inayosomwa faraghani huzaa shaka, hata ikiwa ni ya haki.

Kwa hiyo twatoa ombi kwa vyama vya msingi. Mizani iwekwe mahali pa wazi, na bei na makato yasomwe kwa sauti mbele ya wote. Viti viwe vya kutosha, na mama aliyekausha kahawa akalie kimoja chake, jina lake likiwa daftarini. Tukifanya hivyo, miaka 10 ijayo itatukuta tungali tumekaa pamoja.