Mifupa ya Tendaguru na Somo la Mabara

Mtoto mdogo akiambiwa miaka milioni 150, hesabu hiyo humpita kama upepo. Lakini akiambiwa kwamba katika nchi ya Lindi alitembea mnyama aliyewazidi kimo twiga wawili waliopandana, hapo atataka kujua zaidi. Yafaa mafunzo ya dinosaria yaanzie hapo.

Kilima cha Tendaguru kilichimbwa na Wajerumani tangu mwaka wa 1909 hata 1913. Wakuu wa kazi walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Wachimbaji walikuwa wenyeji kwa mamia, na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Wapagazi waliichukua mifupa kwa siku kadha mpaka bandari ya Lindi, na jumla yake ilipita tani 200. Mnyama mmoja aliunganishwa mifupa Berlin mwaka wa 1937, naye ana kimo cha zaidi ya mita 13.

Katika miaka iyo hiyo, mnamo Januari 1912, Alfred Wegener alieleza mjini Frankfurt kwamba mabara yalikuwa yameshikana zamani, kisha yakaachana. Wataalamu wengi walimkataa, kwa kuwa hakuweza kuonyesha nguvu iyasukumayo. Alifariki Greenland mwaka wa 1930. Hoja yake ilikubaliwa katika miaka ya 1960, baada ya kuchunguzwa sakafu ya bahari.

Mwalimu asiyatenge mambo haya mawili. Awape watoto karatasi zilizokatwa kwa umbo la Afrika na la Amerika ya Kusini, wazikutanishe wenyewe. Kisha awaambie kwamba mnyama wa Tendaguru alipokuwa hai, nchi hizo zilikuwa bado hazijaachana. Na kwamba mifupa ya jamaa zake imepatikana Marekani, maana wazazi wao wa kale walienea kwa miguu kabla ya bahari kuwatenga. Hata leo mabara husogea, polepole kama kucha zikuavyo.

Hapo mtoto mwerevu atauliza: je, mnyama wetu naye alifikishwa Berlin na mabara? Swali hilo lisipuuzwe. Ajibiwe kwamba la, alifikishwa na vichwa vya wapagazi, wakati nchi ilipotawaliwa na wageni, naye yuko huko hata sasa. Asiyejibiwa hivyo atajua habari za mawe, asijue habari za watu wake.