Viumbe wa kilindini na safari ndefu ya kupewa jina

Mnunuzi anayeingia Marikiti, soko kongwe la kisiwa cha Mombasa, kutafuta nazi, ndimu na bizari za kupikia kamba hana haja ya majina ya Kilatini. Kwake mgawanyo ni mwepesi: wadogo kabisa wanaoanikwa juani ni uduvi, wakubwa kidogo ni kamba, mwenye gamba gumu na papasi ndefu ni kambakoche, au kamba mawe, na anayekwenda upande ni kaa.

Mgawanyo huo unatosha jikoni. Lakini nje ya miamba ya Mombasa sakafu ya bahari huporomoka ghafla. Kilomita chache tu kutoka ufuoni kina hupita mita 200, na mbele zaidi hufikia maelfu ya mita. Huko, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki, huishi jamaa wengi wa kamba na kaa ambao hawajapata kuonekana sokoni. Baadhi yao ni wadogo kuliko punje ya mchele. Miongoni mwao wamo kopepoda, ambao wengi wao huelea majini na ni chakula cha samaki. Amfipoda, wenye mwili uliobanwa ubavuni. Na isopoda, ambao wengi wao wamebapa mgongoni.

Uchunguzi wa viumbe hao katika mwambao wetu si wa jana. Mwaka 1899 meli ya utafiti ya Ujerumani, Valdivia, ilipita pwani ya Afrika Mashariki ikirejea kutoka bahari za kusini. Baadaye ikaja Mabahiss, meli ya Misri, iliyobeba wataalamu wa Kimisri na Kiingereza chini ya uongozi wa Seymour Sewell. Iling'oa nanga Alexandria Septemba 1933, na Januari 1934 ilikuwa ikikokota nyavu zake katika maji ya Zanzibar.

Kuvua, hata hivyo, ni mwanzo tu wa kazi. Ripoti ya Ramadan, mtaalamu wa Misri, juu ya jamii moja ya kamba waliopatikana katika safari hiyo ilitoka mwaka 1938. Ile ya Calman, juu ya jamii nyingine ya kamba, ilitoka 1939. Ripoti ya Sewell mwenyewe juu ya kopepoda ilichapishwa 1947, miaka 13 baada ya meli kurudi nyumbani.

Sababu ya ukawiaji huo ni namna kazi yenyewe inavyofanywa. Kiumbe huhifadhiwa kwenye formalini au alkoholi, kisha huchambuliwa chini ya hadubini mguu kwa mguu na mdomo kwa mdomo, kwa kuwa spishi mbili zaweza kutofautiana kwa vinyweleo vichache tu. Mtaalamu hulinganisha kielelezo chake na vile vilivyotangulia, ambavyo vingi vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya. Akiridhika kuwa ni spishi mpya, huchora, huandika maelezo, hutoa jina na kuteua kielelezo rasmi kitakachokuwa kipimo cha jina hilo. Siku hizi chembe za urithi nazo huchunguzwa.

Umuhimu wa kazi hiyo unaonekana kwa kambakoche wa kilindini, anayeishi kwenye kina cha mita mia kadhaa kando ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi aliandikwa kwa jina la Metanephrops andamanicus, yaani jina la jamaa yake wa upande wa visiwa vya Andaman, mashariki ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1990 mtaalamu Enrique Macpherson alionyesha kuwa huyu wa Afrika ni spishi mbali, akampa jina la Metanephrops mozambicus.

Hilo si suala la maneno matupu. Kambakoche huyu huvuliwa na kuuzwa. Anayepanga kiasi cha kuvua kwa kutegemea maelezo ya spishi nyingine, inayoishi upande wa pili wa bahari, hupima kwa pishi isiyo yake.

Nchini Kenya, hatua kubwa ilipigwa mwaka 1992, pale meli ya Uholanzi, Tyro, ilipochukua matope ya sakafu ya bahari hadi kina cha takriban mita 2,000. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, yenye kituo chake Mombasa, sasa ina meli yake, Mtafiti, iliyotolewa na Ubelgiji.

Wakati huohuo shughuli za binadamu haziwangojei wataalamu. Mwaka 2007 kisima cha mafuta cha Pomboo-1 kilichimbwa katika maji ya kina kirefu ya Kenya. Pasipo orodha ya viumbe waliokuwapo kabla ya uchimbaji kama huo, hakuna atakayeweza kueleza ni nani aliyetoweka baadaye.

Mfano mwingine watoka Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza amfipoda mpya kutoka bonde la Mariana, kwenye kina kinachozidi mita 6,000. Tumboni mwa mmoja wao walikuta kipande cha plastiki, nao wakamwita Eurythenes plasticus. Taka za binadamu zilimfikia kiumbe huyo kabla binadamu hajampa jina.